Nyusi zangu na tanuri la makaa

Mwaka huo nilikuwa Senior Three, nimerudi likizo Kigumba, Uganda, kwa jaja, yaani bibi yangu, kemia imenijaa kichwani mpaka inamwagika. Upepo ulikuwa umeangusha mwembe nyuma ya nyumba, jaja akataka tumlipe mzee jirani auchome makaa. Nikamwambia jaja pesa ya nini, mwanasayansi si yuko hapa?

Jaja akamwita mzee vilevile. Tukapanga magogo, tukafunika majani halafu udongo, chini tukaacha vitundu vya kupumulia, mzee akawasha. Akaniachia maneno matatu tu: "Usifungue mapema, mjukuu."

Jioni nikaanza lekcha. Jaja, samli ikiyeyuka inaganda tena, hayo mabadiliko madogo tu, lakini mti ukiungua umebadilika kikemikali, hata ulie vipi haurudi kuwa mti! Huu moshi mweupe mzito ni maji yanatoka kwenye magogo, baadaye zinatoka gesi na lami, inabaki kaboni ndo makaa yenyewe, na udongo uko pale kuzuia oksijeni, ikiingia tu yote yanaungua, tunabaki na majivu.

"Kwa hiyo unajua," jaja akasema.

"Najua sana jaja."

Siku ya tatu moshi ukawa mwembamba wa bluu, kisha ukaisha. Mzee akaziba vitundu vyote ili tanuri lipoe, akaenda msibani Bweyale. Mimi nikagusa udongo kwa mkono, vuguvugu tu, nikasema hili si limepoa, nikachukua jembe nikafungua kidogo, yani kidogo kama mfuniko wa sufuria. Banange, makaa yanang'aa! Nikaita watoto wa jirani waje waone. Tukiwa tunashangaa pale likatokea jicho jekundu moja, halafu la pili, upepo ukapiga, na kumbe oksijeni niliyokuwa naihubiri ndo imeingia. Moto huo! Badala ya kurudisha udongo nikakimbilia jerikeni, nikamwaga maji yote kwa mpigo, mvuke na majivu vikanirukia usoni bum, nikasikia harufu ya kuku anayebabuliwa. Kuku mwenyewe ni mimi.

Majirani walipomaliza kuuzika ule moto tulipata gunia moja, tena halijajaa, na tulikuwa tunategemea manne. Kesho yake kuku walikuwa wanaoga kwenye majivu yangu kwa raha zao.

Jaja hakupiga kelele, ningependa hata apige. Alichota majivu kidogo, akayachuja na maji apikie mboga, yale maji yanayoteleza kama sabuni, akatulia. Usiku ndo akaniletea kioo.

"Mwanasayansi, na hizi nyusi, zimeyeyuka kama samli au zimeungua kama mti?"

Nikajibu zimeungua, jaja.

"Haya. Tusizisubiri basi."

Mzee aliporudi kutoka Bweyale aliangalia tanuri, akaangalia uso wangu, akaomba chai.