Bahari ya Jambiani ipigwe picha mara mbili

Tangazo la nyumba ya ufukweni, upande wa mashariki wa Unguja, huwa na picha kumi na zote kumi maji yamejaa. Bahari imefika chini ya ukuta, mnazi umeinama, mbinguni hakuna hata kiwingu. Mnunuzi aliyeko Maskati au London anaziona, anapenda, anakata tiketi. Anafika Jambiani saa 4 asubuhi siku ya bamvua, siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana, na mbele ya nyumba hakuna maji. Kuna mchanga, majani ya bahari, vigingi vya mwani, na akina mama wanatembea kwa miguu kuelekea mwambani. Bahari yenyewe ni mstari mweupe kule mbali. Dalali hakusema uongo hata neno moja, lakini mgeni yule amekwishaanza kujiuliza ni kipi kingine alichofichwa, na kuanzia hapo hata bei ya haki ataiona ya wizi.

Nyumba zetu zinapigwa picha vibaya, na mara nyingi kosa si la kamera. Kosa ni la saa iliyochaguliwa, mahali aliposimama mpigaji, na mkono mzito kwenye kuhariri. Haya matatu yanarekebishika hata kwa mwenye simu ya kawaida.

Tuanze na saa. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na toka kujaa hadi kupwa ni kama saa 6 na dakika 12. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya maji huku kwetu hufika kama mita 4, na ndipo pwani ya Paje, Bwejuu na Jambiani hukauka karibu mpaka mwambani. Siku hizo maji huwa makavu kwenye saa 4 asubuhi na hujaa kwenye saa 10 alasiri. Kila siku yanachelewa kwa kiasi cha dakika 50, kwa hiyo baada ya wiki moja, wakati wa maji mafu, hujaa karibu na saa 4 asubuhi na hayapwi mbali. Wavuvi na wakulima wa mwani wanayajua haya bila karatasi. Mpigaji picha naye ayajue, au awaulize.

Sasa liweke jua juu ya hesabu hiyo. Nyumba inayotazama mashariki hupata jua usoni kuanzia saa 1 hadi saa 3 asubuhi. Ukisimama roshani yake kutazama bahari, jua linataka kuwa mgongoni kwako, nako ni alasiri. Asubuhi utapata maji ya rangi ya bati. Siku moja ya bamvua basi inatosha kwa kila kitu: saa 1 uso wa nyumba, saa 4 bahari iliyokupwa, saa 10 bahari iliyojaa na jua nyuma yako. Picha zote mbili za bahari ziingie kwenye tangazo. Bahari iliyokupwa ina uzuri wake, na anayetaka kununua Jambiani anastahili kujua kwamba kuogelea mbele ya nyumba kuna saa zake. Upande wa Bububu na Mbweni, au Wesha kule Pemba, geuza: nyumba inayotazama magharibi ipigwe usoni alasiri, na bahari yake asubuhi.

Nungwi kuna nyumba zinazotazama kaskazini, na hapo watu wengi wanakosea mwezi, si saa. Tuko kama nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Mwezi wa Juni na Julai jua la mchana liko kaskazini yetu, na uso wa nyumba hizo unawaka. Disemba na Januari jua limehamia kusini, uso uleule uko kivulini adhuhuri. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba linapita utosini kabisa. Upenu wa makuti unatupa giza zito juu ya baraza na hakuna programu itakayolisafisha vizuri. Siku hizo, saa 5 mpaka saa 9, fanya kazi ya ndani.

Ndani sasa, ambako ndiko kwenye makosa mengi. Chumba chetu cha kawaida ni mita 3 kwa 4. Mpigaji anafungua lenzi pana ya simu, ile iliyoandikwa 0.5, ambayo urefu wake wa fokasi ni kama milimita 13 kwa kipimo cha kamera ya fremu kamili (namba ikipungua, lenzi inaona kwa upana zaidi), na chumba kinakuwa ukumbi wa harusi. Kitanda kinavutika pembeni, kabati linalala, friji inanenepa. Mnunuzi akifika anaingia hatua mbili, amegonga ukuta. Naona milimita 20 hadi 24 zinatosha vyumba vingi, na 16 ziwe za chooni na jikoni pasipo pa kurudi nyuma. Simama mlangoni kabisa au kwenye kona, mgongo uguse ukuta. Kamera iwe kwenye stendi, sentimita 120 kutoka sakafuni. Jikoni ipandishe hadi 140 ili uso wa meza ya jiko uonekane badala ya ukingo wake. Kisha isiinamishwe wala isiinuliwe. Kamera ikiinama kidogo tu, kuta zinaanguka kama zimelewa. Kwenye simu washa mistari ya gridi, linganisha fremu ya mlango na mstari wa wima, ndipo ubonyeze. Kwa kamera, tundu la lenzi liwe f/8 na wepesi wa kuhisi mwanga ISO 100, faili liwe ghafi (RAW), na shata, yaani kifungio kinachopitisha mwanga, iachwe ichukue muda inaotaka kwa kutumia kihesabu cha sekunde 2, maana kidole chenyewe kinatikisa.

Dirisha ni mtihani. Nje kuna jua la pwani, ndani kuna kivuli, na kamera haiwezi kubeba vyote kwa picha moja. Piga picha 3, au 5 kama jua ni kali, kila moja ipishane na mwenzake kwa stopu 2, yaani mwanga mara nne, halafu ziunganishwe. Kabla ya hapo zima pangaboi na funga pazia kwa kamba, kwa sababu upepo wa kusi ukilipeperusha baina ya picha ya kwanza na ya tano utapata mapazia matano ya mizuka. Na usivute vivuli mpaka mwisho. Chumba ambacho chini ya kitanda kumeng'aa sawa na dirishani kinaonekana cha plastiki, kuta nyeupe zinakuwa za kijivu, na kuzunguka dirisha kunatokea utepe wa mwanga. Acha kivuli kiwe kivuli.

Taa zizimwe mchana. Kwa Kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga, balbu ya njano iko kama 3000 na mwanga wa dirishani kama 5500. Ukichanganya, nusu ya ukuta inakuwa ya chungwa na nusu ya buluu, na ukirekebisha moja unaharibu nyingine. Ukilazimika kuziwasha, jihadhari na taa za LED: umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na shata ya kasi huleta michirizi kwenye picha. Weka 1/50 au 1/100 ya sekunde. Kingine kinachowapata watu wa mahoteli: ukitoka na kamera kwenye chumba chenye kiyoyozi kikali ukaifungua nje, lenzi inajaa umande papo hapo. Iache ndani ya mkoba uliofungwa kwa nusu saa ipate joto. Ufukweni ifute lenzi mara kwa mara, chumvi haionekani kwa jicho mpaka picha zote ziwe na ukungu.

Nyumba za Mji Mkongwe zinahitaji maneno yao. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene, madirisha yameingia ndani, na upana wa chumba umepimwa na urefu wa boriti za mikandaa, miti ya mikoko, zinazobeba dari. Ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba, upana wake mara nyingi haufiki mita 3. Ukisimama katikati ya ukuta mfupi na lenzi pana, umepiga handaki. Sogea karibu na ukuta mmoja, tumia milimita 24, acha ukuta wa pili wenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, ndio ubebe picha. Kisha piga moja ya wima inayoonyesha boriti zote mpaka darini. Wenye kutumia flashi wasiielekeze juu kama walivyozoea nyumba za dari nyeupe: boriti nyeusi zinameza mwanga na kutupa kivuli cha milia. Igeuze iupige ukuta mweupe ulio nyuma yako.

Mlango wa nakshi nao upewe haki yake. Ukipigwa jua la usoni, maua na minyororo yote inalala bapa kama karatasi. Tafuta saa ambayo jua linapita ubavuni, likiukwangua mti kutoka upande. Katika vichochoro huwa ni dakika chache tu, hivyo pita jana yake uitazame. Hapo kila petali inapata ukingo wake na kila kifundo cha shaba kinatoa nukta moja ya mwanga. Uso mzima wa nyumba kichochoroni, ambako upana ni mita 2 tu, usijaribu kwa kuinua kamera juu. Piga vipande vitatu kamera ikiwa imenyooka, uviunganishe, au omba ruhusa ya kupanda darini kwa jirani.

Na ukipanda huko, angalia unachokipiga. Kutoka juu unaona nyua za watu, kanga kwenye kamba, mama anaosha vyombo kichwa wazi. Picha hiyo si ya kuuza nyumba. Ndani vilevile: piga hodi, ngoja, na uzungumze na mwenye nyumba kabla hujafungua kamera. "Shikamoo bi mkubwa, naomba besheni hizi na kandambili zikae uani dakika kumi tu, na picha za watoto ukutani tuzigeuze." Hakuna anayekataa akiombwa hivyo. Chandarua kifungwe fundo moja safi au kishushwe chote. Kinachoning'inia nusu kinakifanya chumba kionekane cha wagonjwa. Kifuniko cha choo kishushwe. Kioo cha kabati kikaguliwe, usije ukawemo wewe mwenyewe. Pemba, msimu wa karafuu, kama mikeka imeanikwa mbele ya nyumba, ibaki ilipo na uizunguke. Ile ni mali, na picha inapendeza zaidi.

Droni ni ya mwisho, na isirushwe bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Mwanakwerekwe na Kisauni ndege zinapita chini. Hapo si pa kubahatisha.

Kuhariri kuna mpangilio, na ukiuvuruga unarudia kazi. Katika Lightroom au programu yoyote, kwanza rekebisha lenzi ili mistari inyooke, pili nyoosha wima, tatu rangi ya mwanga, halafu ndipo ung'avu na vivuli. Rangi ipimwe kwenye kitu ambacho ni cheupe kweli, kama fremu ya dirisha au sinki, si kwenye ukuta wa chokaa, kwa sababu chokaa ina unjano wake na ukiifanya nyeupe kama karatasi umeiua. Mwembe ulio uani hutia ukijani kwenye ukuta. Upunguze kwa brashi pale tu ulipo, bila kugusa majani.

Kuhusu kufuta, kipimo changu ni siku ya kuhama. Kitakachoondoka na aliyemo, kama ndoo, nguo au gari lililopita, kifutwe. Kitakachobaki, kibaki pichani: nguzo ya umeme, nyumba ya jirani isiyokwisha, na zaidi ya vyote ule unyevu unaopanda chini ya kuta za Mji Mkongwe na kuacha chumvi nyeupe na rangi iliyobambuka. Huo ndio wapigaji wengi wanapenda kuupaka rangi kwa programu. Mnunuzi anayezijua nyumba hizi anautafuta, na asipouona popote katika picha ishirini anajua kuna mkono uliopita. Anga ya kubandika nayo naikataa. Masika mawingu yapo, na mwanga wa mawingu ni mpole sana kwa vyumba vya ndani.

Picha 15 hadi 20 zinatosha. Upande mrefu uwe pikseli 2048, rangi za sRGB, JPEG ya asilimia 80. Usizitume WhatsApp kama picha, zitabanwa na kazi yote ya dirisha itapotea. Zitume kama dokumenti. Na zile mbili za bahari ziwekwe pamoja, jina la kila faili liwe na saa yake: "Jambiani, maji yamekupwa, saa 4 asubuhi" na "Jambiani, maji yamejaa, saa 10 alasiri".