Dukkha si "mateso", na yule mnene si Budha

Wiki iliyopita kazini, wakati wa chai, mwenzangu mmoja alituonyesha kisanamu alicholetewa zawadi: mzee mnene, kitambi wazi, anacheka. "Huyu ndiye Budha. Ukimsugua tumbo unapata hela. Ila dini yao nzito, wanasema maisha yote ni mateso." Watu wakacheka, chai ikaendelea. Mimi maneno yale yalinikaa kooni hadi jioni.

La mnene nalimaliza haraka. Yule ni Budai, mtawa wa China wa karne ya 10, aliyezurura na mfuko wa kitambaa begani; Wachina wengi humhesabu kuwa ndiye Maitreya, Budha atakayekuja. Budha mwenyewe, Siddhartha Gautama, alizaliwa Lumbini, Nepal ya leo, zaidi ya miaka elfu moja kabla yake. Hela alizipa mgongo. Masimulizi yanasema aliiacha nyumba ya fahari ya baba yake akiwa na miaka 29, akajinyima chakula mpaka mbavu zikahesabika, kisha akaona hata huko kujitesa hakumfikishi popote. Na hakujiita Mungu.

Kilichoniuma ni neno "mateso".

Neno lake lenyewe ni dukkha. Sisi tumelipokea kwa mkono wa tatu, tukalivika "mateso", kana kwamba yule bwana alikaa chini ya mti pale Bodh Gaya, India, akainuka na habari kwamba dunia ni jela. Dukkha inabeba maumivu, ndiyo: uzee, maradhi, kifo. Lakini inabeba na furaha pia, kwa kuwa furaha haikai. Harusi inakwisha Jumapili, Jumatatu mnarudisha viti na maturubai ya watu. Mtoto uliyembeba mgongoni anakuzidi kimo. Hakuna aliyekutesa hapo, na bado moyo unauma. Watu wa pwani hili tunalijua tangu zamani. Tunasema dunia rangi rangile. Washairi wa Pate waliyalilia majumba ya fahari yaliyogeuka makao ya popo. Wao macho yao yalikuwa Akhera, Budha alielekea kwingine, lakini walichokiona ni kile kile.

Chanzo chake alikiita tanha, na maana ya neno hilo ni kiu. Kiu hasa, ile ya kunywa maji ya chumvi: ukinywa inazidi. Na nirvana, ambayo watu huidhania ni pepo yenye bustani, ni kuzimika, kama koroboi iliyokwisha mafuta na utambi. Maneno yote haya tunayo jikoni kwetu. Kwa nini basi tumeng'ang'ania hilo moja linalomfanya mtu aonekane mhubiri wa kukata tamaa? Budha aliyataja maradhi, akataja chanzo, akasema yanapona, akatoa dawa: njia ya mambo manane, na ndani yake mna kauli yako, matendo yako, hata kazi inayokupa riziki.

Madhehebu yapo, kama kila dini. Theravada ya Sri Lanka, Thailand na Myanmar inashika maandiko ya Kipali, lugha ya kale ya India. Mahayana ya China, Korea na Japani inamtukuza bodhisattva, yule anayeapa kuwavusha na wenzake. Vajrayana ni ya Tibet, Bhutan na Mongolia. Na nakubali, ingawa inanichoma kukubali, kwamba nguo ya mtawa haimzuii mtu kuwa dhalimu: Myanmar wapo watawa waliochochea chuki dhidi ya Warohingya, Waislamu wa huko, na mwaka 2017 watu zaidi ya 700,000 walikimbilia Bangladesh. Mwislamu mimi, siwezi kulipita hilo kimya.

Lakini kuna mama mmoja, jina lake Kisa Gotami. Habari yake nilisimuliwa na mzee mmoja pale hekalu la Wabudha, Upanga, Dar es Salaam, mwaka niliofiwa na mdogo wangu. Waliokuja matangani walinipa maneno mema, na nilikuwa nayaamini, ila hayakuwa yananifikia. Mama huyu alifiwa na mwanawe wa pekee, akatembea na maiti mikononi akiomba dawa. Budha hakumwambia nyamaza, wala hakumwambia kazi ya Mungu haina makosa. Alimwambia: niletee haradali kidogo, ila itoke nyumba ambayo hajafa mtu. Haradali ilikuwepo kila nyumba. Walikuwa wako tayari kumpa, naye kila mlango akauliza lile swali la pili, wakamtajia baba, mke, mtoto. Mwisho hakuwa na hata punje moja. Akaenda akamzika mwanawe.

Usiku wa siku ile niliyosimuliwa habari hii nilimkuta mama yangu sebuleni, hajalala. Nilimwuliza kuhusu wale wawili waliomfia kabla sijazaliwa. Nilikuwa najua walikuwepo. Majina yao nilikuwa siyajui. Alinitazama kwanza, kisha akanitajia, mmoja mmoja, na alivyopenda kucheka huyu, na homa iliyomchukua yule. Tulikaa hivyo mpaka adhana ya Alfajiri.