Sauti ikifa, katuni nayo izikwe?

Juzi pale Jaws Corner, baraza la kahawa la Mji Mkongwe, kahawa ndo kwanza imemiminwa, kijana mmoja akatoa simu akatuonesha kiklipu kinachozunguka siku hizi, picha za watu waliofanya kazi kwenye The Simpsons, ile katuni ya Kimarekani, na washafariki, picha, jina, picha, jina, kinanda kinalia kwa nyuma, halafu mwisho maandishi makubwa kwamba wahusika wote wa watu hawa walitakiwa wazikwe nao, kumpa mtu mwengine sauti ya marehemu ni kumsahau. Basi ugomvi ukaanza hapo hapo. Mmoja anacheka, mtu mzima na ndevu zako unalilia vikatuni. Mwengine anasema wallahi ni kweli, ile ni sawa na kumvua maiti kanzu ukaivaa wewe. Mimi sikupata nafasi ya kusema maana mechi ilianza, ndo nasemea hapa.

Hawa wanaocheka niwapitie haraka. Katuni ile ilianza kama kipindi kamili Disemba 1989 na mpaka leo ipo, yaani aliekuwa darasa la kwanza wakati ule sasa hivi anaozesha. Sauti iliyoingia nyumbani kwako miaka yote hiyo, wewe unakula, wewe unapiga pasi sare ya skuli, si sauti ya mgeni tena. Ukisikia mwenyewe kafariki ukanyamaza kidogo, hujafanya la ajabu.

Wanaotaka mhusika azikwe, hao wana hoja, na mfano wao mkubwa ni Marcia Wallace. Huyu bibi ndie sauti ya Edna Krabappel, yule mwalimu wa Bart, mtoto mtukutu wa katuni hiyo, mwenye kile kicheko kikavu cha mtu aliechoshwa na watoto wa watu, kazi iliyompa tunzo ya Emmy, ile ya tivii ya Marekani, 1992. Alipofariki tarehe 25 Oktoba 2013 watengenezaji wakasema hatafutwi mwengine. Siku chache baadae ikatoka sehemu mpya, inaanza na Bart yuko mbele ya ubao, pale ambapo kila siku anaadhibiwa kwa kuandikishwa sentensi ile ile mpaka ubao ujae, safari hii kaandika mstari mmoja tu, kwamba watamkumbuka mwalimu wao, na uso umempooza. Aliepita kwenye skuli zetu za madawati ya watu wanne wanne anajua mwalimu ni nini, kile kijistari kinachoma. Na kabla yake, 1998, Phil Hartman alipouliwa, wahusika aliokuwa akiwapa sauti, Troy McClure na yule wakili wa ovyo Lionel Hutz, waliondoka nae, na sijaona aliewahi kusema wamekosea. Heshima hiyo naielewa, ni kama kile kiti cha baraza ambacho baada ya mzee kufa hakuna anaekikalia, hajakataza mtu lakini hakuna anaekikalia.

Lakini sasa. Julai 2019 kafariki Russi Taylor, ambae katika katuni hiyo hiyo alikuwa ndie Martin Prince, yule mtoto anaejua kila jibu darasani. Martin hakuzikwa, alipewa mtu mwengine wa kumpa sauti, Grey DeLisle, na mpaka leo yumo darasani ananyoosha mkono. Watengenezaji ni wale wale, studio ile ile. Sasa tuseme Wallace walimpenda na Taylor wakamsahau? Mimi siamini. Martin ni mtoto wa pembeni tu, wangemuondoa kimya kimya wala mtu asingeuliza, wakaona bora abaki. Kwa hivyo huwezi kuchukua kipimo cha nani kaondolewa na nani kabakishwa ukakifanya ndo kipimo cha nani kakumbukwa, na kile kiklipu kinafanya hivyo hivyo kwa dakika tatu nzima.

Na Edna ni mwalimu, mwalimu huhamishwa, darasa likaendelea. Ukifika kwa wenye nyumba wenyewe mambo yanabadilika kabisa. Kule Japani kuna katuni inaitwa Sazae-san, Guinness, wale wa rekodi za dunia, wanaitambua kuwa ndo ya tivii iliyodumu kuliko zote, ilianza tarehe 5 Oktoba 1969 na kila Jumapili jioni ipo. Hadithi yake ya kwetu kabisa, babu, bibi, mtoto wa kike, ndie Sazae mwenyewe, kaolewa na mume kahamia ukweni, wadogo zake, mjukuu, wote paa moja. Machiko Hasegawa alieichora mwanzo alifariki 1992. Ichiro Nagai, aliekuwa sauti ya mzee wa nyumba Namihei toka siku ya kwanza, alifariki Januari 2014, na mwezi uliofuata akakaa mwengine pahala pake, Chafurin. Halafu kuna Takako Sasuga. Huyu mama alikuwa sauti ya mjukuu, Tara, mtoto wa miaka mitatu, kuanzia 1969 mpaka alipofariki Februari 2023.

Hesabu hii imenikaa kichwani siku mbili. Miaka 53 mtu ana miaka mitatu. Alianza mtu mzima wa miaka 33, akawa bibi kizee, na kila akiingia studio anarudi kuwa mtoto wa miaka mitatu anaetembea kwa vishindo vidogo vidogo. Mtoto wa kweli aliezaliwa mwaka ule sasa hivi ana mvi na pengine presha. Sasa tufuate lile sharti la kiklipu, Tara azikwe na Bi Takako. Wangefanya vipi? Jumapili jioni familia nzima imekaa na chakula, halafu kwenye tivii ile nyumba yenye kicheko kila wiki inatolewa jeneza la mtoto wa miaka mitatu? Au apotee tu, mama yake asimtaje, kitanda chake kisionekane tena? Mimi nikifikiria mama wa kwenye hadithi anaendelea kupika na kucheka kama hajawahi kuzaa, naona hilo ndo la kutisha, wala si sauti mpya.

Na usiishie kwa Tara. Mwenye sauti ya bibi, Miyoko Aso, kafariki 2018. Ya mkwe, Hiroshi Masuoka, kafariki 2020, alieifanya ya mdogo wa kiume wa Sazae kwa miaka mingi, Kazue Takahashi, kafariki 1999. Wote wangezikwa na wahusika wao, leo ile nyumba angebaki Sazae, mdogo wake wa kike na paka. Hiyo si kumbukumbu, hilo ni gofu. Wale watu wamefanya kazi nusu karne nyumba ichangamke, halafu sisi tuwaenzi kwa kuihama?

Mtaani kwetu tulikuwa na muadhini mzee, sifananishi ibada na katuni jamani msinirukie, nazungumzia masikio yetu tu. Sauti yake ilikuwa na kukwaruza kidogo na ile herufi ya mwisho alikuwa akiiburuta kama mtu anaevuta ngalawa mchangani, watoto tukimuigiza tunapigwa. Alipofariki, Magharibi ya siku ile ile iliadhiniwa na kijana. Ilibidi iadhiniwe, wakati umeingia. Watu barazani walinyamaza kwa namna nyengine, mzee mmoja akatikisa kichwa, kila mtu akaisikia sauti ambayo haipo. Hakuna alieinuka akasema marehemu kasahauliwa. Miezi kadhaa watu walikuwa wakimsikia kijana wanamtaja mzee, Mungu amrehemu, kila siku mara tano. Angekuwa kimya yule kijana, sijui nani angemtaja.

Na sisi wa Unguja kwenye mambo haya ndo tusingetakiwa kufundishwa. Siti binti Saad kafariki 1950, nyimbo zake kaziendeleza Bi Kidude kwa koo lake mwenyewe, tofauti kabisa na la Siti, mpaka nae alipofariki Aprili 2013. Wangekaa watu wakaamua nyimbo zizikwe na mwenyewe, sisi leo tungekuwa na santuri zinazokwaruza tu. Bi Kidude alivyokuwa akizichukua hakuna alieona kavaa kanzu ya maiti. Hata wenzetu wa Disney wanalijua hili, Wayne Allwine aliekuwa sauti ya Mickey Mouse kuanzia 1977 mpaka kufa kwake 2009 alikuwa akihadithia kwamba mzee aliemwachia kazi, Jimmy MacDonald, alimwambia wewe hapa unamshikia bosi tu. Bosi ni Walt Disney, ambae ndie aliefanya sauti ile mwanzo na wakati huo keshafariki zamani. Ni amana, unashika unapokeza. (Na mkewe Allwine ni nani? Ni Russi Taylor yule yule wa Martin, alikuwa ndie sauti ya Minnie. Hili silo hoja, nimelipenda tu.)

Pahala ambapo mimi na wale wa kiklipu tunaweza kukaa pamoja ni kwenye mashine. 2021 The Simpsons walirejesha sauti ya Wallace kwa kutumia rekodi zake za zamani, kwa ruhusa ya familia yake, hapo sina neno, ni maneno aliyoyasema mwenyewe. Lakini kuichukua sauti ya mtu ukaitia kwenye kompyuta ikaanza kusema ambayo hajawahi kuyasema, akiwa hajakuruhusu, hapo hakuna alieshika amana ya mtu.

Na kitu kinachoniudhi zaidi kwenye ugomvi huu wote ni kwamba tunagombania sauti tu. Alf Clausen alitunga muziki wa The Simpsons kuanzia 1990, zaidi ya sehemu 500, 2017 wakaachana nae, Mei 2025 kafariki. Nani atamzikia mhusika mtunga muziki? Nani atamzikia mchoraji? Hawa pahala pao pekee ni yale majina yanayopita mwisho, na majina yenyewe siku hizi hayapiti. Tivii inayaminya kwenye kona ipige tangazo, simu ndo kabisa, jina la kwanza halijasomeka ishaleta sehemu nyengine. Anaetaka kulilia usahaulifu aanzie hapo.

Jana nilikuwa Mwanakwerekwe kwa kaka yangu, mwanawe ana miaka sita kajilaza kwenye jamvi na simu anaangalia SpongeBob, ile katuni ya sponji anaeishi baharini. Huyu sponji anamjua zaidi toka alipopelekwa Jambiani akaoneshwa kina mama wanaolima sponji baharini, aliporudi alinuna siku nzima kwamba hawana macho. Lilipotokea mwanzoni jina la Stephen Hillenburg nikasimamisha kwa kidole.

"Ami unanikatia!"

Nikamwambia subiri, huyu ndie aliembuni sponji wako, alikuwa akisomesha watoto mambo ya bahari kabla hajaanza kuchora.

"Yuko wapi?"

Kafariki, 2018, wewe hujazaliwa.

Akaliangalia lile jina, akaniangalia mimi. "Na hii ya leo nani kaichora?"

Nikarudisha nyuma tutafute, huku keshanipokonya simu.