Maulana aliyebaki Rumi

Juzi ndugu yangu mmoja alinitumia picha ya machweo yenye maneno mawili matatu ya mapenzi, na chini yake jina moja tu: Rumi. Nikamuuliza, huyo ni nani? Akajibu ni mshairi, jina lake la kwanza halijui. Huyu ni mtu aliyeihifadhi Surat Rum tangu akiwa chuoni, na bado hakung'amua kwamba neno ni lile lile. Simlaumu. Maneno yale yalimfikia kutoka kwenye Kiingereza, na huko jina hilo limegeuzwa la ukoo, kama mtu alizaliwa katika nyumba ya kina Rumi.

Mwenyewe ni Muhammad, lakabu yake Jalaluddin. Alizaliwa mwaka 1207 upande wa Balkh, mji wa Afghanistan ya leo, na akafa mwaka 1273 mjini Konya, katika Uturuki ya leo. Rum ndilo jina ambalo Waarabu na Waajemi waliiita dola ya Warumi wa Mashariki. Waturuki wa Kiseljuki walipoiteka Anatolia, yaani sehemu kubwa ya Uturuki ya leo, nchi ikabaki na jina la wenyewe wa zamani. Basi Rumi ni mtu wa Rum. Ni nisba, kama Shirazi au Hadhrami.

Na nisba ina tabia yake, sisi wa pwani tunaijua. Mpemba akiwa kwao Pemba hakuna anayemwita Mpemba. Huwa Mpemba akishavuka kuja Unguja au Mombasa. Ndani ya Konya kila mtu alikuwa wa Rum, hivyo jina hilo lisingemtofautisha na muuza mikate. Waliolihitaji ni watu wa mbali. Yeye, katika dibaji ya Kiarabu ya Masnavi, utenzi wake mkubwa, anajitaja kuwa ni mja dhaifu, Muhammad bin Muhammad bin al-Husayn wa Balkh. Na ghazali zake nyingi alizifunga kwa jina la Shams wa Tabriz, aliyekuwa rafiki na mwalimu wake.

Wanaokitetea Kiingereza wana hoja nzito. Jina hawakulibuni wao. Reynold Nicholson, Mwingereza aliyeihariri na kuitafsiri Masnavi yote kati ya 1925 na 1940, aliandika Jalaluddin Rumi, bila kukata. Tena wenyewe hawaelewani: Waafghani humwita Balkhi, Wairani Maulawi, Waturuki Mevlana, kila mmoja akimvutia kwake. Mgeni ashike lipi? Rumi linasema kweli kuhusu mahali alipoishi sehemu kubwa ya umri wake na alipozikwa, ingawa Mwafghani atakwambia limeshampa Mturuki ushindi. Halafu kuna ufupi. Dante naye huitwa kwa jina moja, na hakuna anayeona amevunjiwa heshima.

Lakini Dante ni jina lake mwenyewe la kwanza, na Waitalia wenyewe ndivyo wanavyomwita. Hapa kilichoachwa ni Maulana, "bwana wetu", na hicho si pambo. Alikuwa mwanachuoni wa fikihi, aliyeshika nafasi ya kufundisha aliyokuwa nayo babake, Bahauddin. Tarika ya Mevlevi imeitwa kwa cheo hicho. Msomaji wa Kiingereza anawajua madarweshi wanaozunguka wa tarika hiyo na anamjua Rumi, lakini majina yenyewe hayamwonyeshi kwamba tarika ni ya mtu huyo. Sisi tunasikia mara moja: Mevlevi, Maulana, Mola, shina moja.

Mtu asiye na cheo wala mji ni rahisi kumvisha nguo yoyote. Coleman Barks, ambaye kitabu chake cha 1995 kilimtangaza sana Rumi huko Marekani, hakijui Kiajemi; alizifanyia kazi upya tafsiri za Kiingereza zilizomtangulia, na dini ndani yake ikapungua. Jina tupu halikuleta hilo peke yake, ila lililirahisisha.

Siwadai wenye Kiingereza walibadili. Hata kwao wapo waliofanya vizuri: katalogi ya Maktaba ya Bunge la Marekani inamworodhesha kwa Jalal al-Din Rumi, na Maulana ikiwa pembeni. Kinachoniuma ni sisi, tunaomnakili kutoka Kiingereza akiwa amepunguzwa, ilhali neno lililopotea tunalitamka kila siku tukiomba dua. Kwa Kiswahili ningependa tuandike Maulana Rumi. Nisba ibaki, maana ni ya kweli, na cheo kirudi mahali pake.

Ndugu yangu nilimwandikia jina zima: Maulana Jalaluddin Rumi, wa Balkh na Konya. Dakika haikupita akauliza, "Kumbe ni sheikh?"