Utarudi na nini?

Hapa Bukavu, mashariki ya Kongo, neno "kurudia" lina doa. Mtoto anayerudia ni yule aliyeanguka: ameduble, wenzake wamepanda darasa, yeye kabaki kwenye dawati la zamani. Kwa hiyo kijana aliyeomba nafasi ya udaktari wa meno akaikosa, kisha akatangaza mezani kwamba mwaka ujao ataomba tena, wazee husikia jambo lingine kabisa. Wanasikia kwamba ataduble nyumbani, tena bila mwalimu.

Kwetu limetufika. Mtoto wa dada yangu alimaliza humanite, yaani sekondari, tawi la biokemia, akatuma faili kwa chuo kimoja ng'ambo ya mpaka. Orodha ikatoka, jina lake halimo. Mama yake anataka aingie unif, yaani chuo kikuu, hapa hapa, fakilte yoyote ya afya, masomo yakianza tu. Binti anataka kungoja na kuomba upya. Mimi ni mjomba, nimeitwa niamue, na kila nikiinua mguu kuelekea upande mmoja naona sababu ya kurudi upande wa pili.

Hoja inayotajwa kwanza huwa ni uhitaji. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2022 kwamba watu karibu bilioni 3.5 duniani wana maradhi ya kinywa, na kanda yake ya Afrika ina madaktari wa meno kama 0.33 kwa kila watu 10,000, yaani kama sehemu moja ya kumi ya wastani wa dunia. Mtu wa Kadutu, mtaa wetu hapa mjini, hahitaji kusomewa hesabu hiyo. Jino likimuuma usiku, asubuhi anaenda kwa aliye karibu na mwenye koleo, na yeyote mwenye koleo sisi humwita dentisti. Ni kweli tupu, lakini kama hoja ya kurudia maombi naiona nyepesi. Uhitaji wa nchi haumpi mtu kiti darasani. Nchi inahitaji pia mafundi wa umeme, na hakuna anayemwambia binti angoje mwaka mzima kwa ajili ya umeme.

Hoja nzito zaidi ni ya kalenda, na hiyo watu huisahau. Matokeo ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, kwa kawaida hutoka Julai au Agosti. Makerere mwaka wa masomo huanza Agosti. Muhimbili, kule Dar es Salaam, mwenye cheti cha nje ya Tanzania lazima kwanza apate ulinganisho wake kutoka baraza la mitihani, NECTA, ndipo atazamwe kama ana fizikia, kemia na biolojia za kutosha. Sasa fikiria kijana wa Bukavu aliyepata matokeo yake wiki mbili zilizopita. Diploma yenyewe, ile karatasi halisi, inajulikana kwa kuchelewa. Mkononi ana attestation tu, hati ya muda ya kuonyesha amefaulu, kwa Kifaransa, inayosubiri mtafsiri wa kiapo na mhuri. Anatuma alichonacho. Anakataliwa, au hajibiwi. Je, huyo alishindwa? Mimi nasema hakuwahi kuomba. Alibisha hodi kwenye nyumba ambayo mlango ulifungwa kabla hajatoka kwao. Mwaka wa pili, akiwa na karatasi zote tangu mwezi wa kwanza, ndio mwaka wake wa kwanza wa kweli. Kumwita mrudiaji ni kumwonea.

Halafu kuna lugha. Makerere, Muhimbili, Nairobi na Chuo Kikuu cha Rwanda, popote pale udaktari wa meno husomwa kwa Kiingereza, na ni safari ya miaka 5 bila kuhesabu mwaka wa mazoezi ya hospitali. Rwanda nayo tangu 2008 iliachana na Kifaransa darasani. Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, bendera zikapandishwa, ila diploma yetu bado inazungumza Kifaransa. Mtoto aliyesoma kemia kwa Kifaransa miaka yote anaijua kemia, lakini akiulizwa kwa Kiingereza anababaika kama hajui kitu. Mwaka mmoja wa Kiingereza cha kweli, si kile cha kusalimiana na wageni, unabadilisha faili na unambadilisha mwenye faili. Hapo kurudia kuna maana.

Tatizo ni kwamba vijana wengi hawachoti ujasiri wao kwenye hoja hizo. Wanauchota kwenye simu. Wanasoma ushauri wa Wamarekani: ukikataliwa usikate tamaa, jiboreshe, omba tena, wengi wameingia kwa jaribio la pili. Ushauri si mbaya, ila umeota kwenye udongo mwingine. Kule anayeomba shule ya meno kwa kawaida ameshasoma chuo kikuu miaka kadhaa, mara nyingi ana digrii mkononi, akikosa ana pa kufanya kazi. Maombi hupita kwenye mfumo mmoja wa pamoja, AADSAS, yanaanza kupokelewa karibu Juni, na shule nyingi huyasoma kadiri yanavyofika, hivyo aliyechelewa mwaka huu anaweza kusahihisha kosa hilo mwaka ujao kwa kuwahi tu. Mtihani wao wa kuingia shule ya meno, DAT, unarudiwa, na alama inaweza kupanda. Hata barua za walimu za mwaka jana hazihamishwi, lazima zitafutwe upya, kwa hiyo mtu analazimika kuonyesha amefanya nini tangu alipokataliwa. Baadhi ya shule humpa hata nafasi ya kuuliza alipungukiwa wapi.

Kwetu orodha hubandikwa, jina halimo, kwisha. Na hapa ndipo dada yangu ananishinda kwa maneno. Asilimia iliyoandikwa kwenye diploma ya taifa haiongezeki kwa kungoja. Mwenye 54 leo atakuwa na 54 mwaka ujao, na chuo kilichoona 54 ni ndogo hakitaiona kubwa kwa sababu mwenye nayo amezeeka mwaka mmoja. Kama kilichomwangusha ni alama, kurudia faili ile ile ni kulipa ada ya maombi mara mbili kwa jibu moja.

Dada ana hoja ya pili, anayoisema kwa sauti ya chini. Nyumba ina wadogo wawili nyuma ya huyu. Minerval, ada ya masomo, haingoji. Tangu mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa AFC/M23 mwezi wa pili 2025, benki zikafungwa, uwanja wa ndege wa Kavumu ukanyamaza, na Kinshasa, ambako kuna fakilte ya udaktari wa meno ya UNIKIN, Chuo Kikuu cha Kinshasa, ikawa mbali kuliko Kampala. Mtu wa Bukavu akitaka kwenda mji mkuu wa nchi yake analazimika kuvuka mto Ruzizi na kupitia nchi ya watu. Katika hali kama hiyo mwaka mmoja si kitu kidogo cha kuweka pembeni. Nani anajua mwaka ujao mpaka utakuwa unafungwa saa ngapi? Na msichana anayekaa nyumbani mwaka mzima huanza kuulizwa maswali ambayo kaka yake haulizwi. Sikubaliani na maswali hayo, lakini nisiyataje ningekuwa nadanganya.

Wapo wanaotoa njia ya kati: aingie tiba hapa, kwenye chuo kikuu kimojawapo cha mji, UCB ya Wakatoliki, UEA ya Waprotestanti au Chuo Kikuu Rasmi cha serikali, huku akituma maombi nje kimya kimya. Inasikika ya busara. Nimeona inavyokwenda. Mwaka wa kwanza wa tiba haubebwi kwa mkono mmoja. Anatomia inataka usiku wako, na hayo maombi nayo yanataka siku zako za kupanga foleni ya mihuri. Wengi huishia kuanguka huku na kuchelewa kule. Tena akikubaliwa nje baada ya mwaka, kwa kawaida ataanza mwaka wa kwanza upya, kwa hiyo minerval ile imelipia uzoefu tu. Njia hii ina maana kwa mtu mmoja: yule ambaye, akiulizwa vizuri, anakiri kwamba anataka kutibu watu na meno yalikuwa jina tu la ndoto. Huyo aingie tiba kwa miguu yote miwili. Upasuaji wa kinywa na taya upo, na daktari anaweza kuufikiria baadaye.

Kwa hiyo nimeacha kuuliza kama mtoto arudie au asirudie. Nauliza kilichokataliwa ni nini hasa. Karatasi ikichelewa, arudie, na asione haya. Kiingereza kikiwa kidogo, arudie, lakini awe na darasa analoingia kila siku, si programu ya simu anayoifungua akiwa kitandani. Alama zikiwa ndogo, aambiwe ukweli mapema na mtu anayempenda, kabla mwaka haujaliwa. Na kama ni pesa, hilo ni deni letu sisi wakubwa. Tusimvishe yeye jina la aliyeanguka.

Kuna jambo moja zaidi ambalo ningemtaka afanye kwa vyovyote: aende kwenye kabine ya meno, aombe kukaa pembeni wiki chache, aoshe vyombo, aone damu na anuke karafuu. Wapo waliorudia maombi miaka miwili kwa ajili ya kazi ambayo hawajawahi kuiona ikifanyika. Hilo halihitaji mpaka wala mhuri.

Jumapili iliyopita nilimwita binti, tukakaa nje, mama yake ndani akisonga ugali huku anasikiliza kila kitu. Nikamwuliza swali moja: "Mwanangu, bahasha ya mwaka ujao itakuwa na nini ambacho ya mwaka huu haikuwa nacho?" Hakunijibu papo hapo, na nilipenda hivyo. Kisha akasema: "Attestation iliyotafsiriwa, mujomba. Na Kiingereza. Alama ni zile zile, soixante-trois."

Sitini na tatu. Mama yake akatokea mlangoni na mwiko mkononi.

"Darasa la Kiingereza ni bei gani?" akauliza.