Folda zimenishinda, mi nimehamia kwenye tagi

Kazi yangu ni kudizaini kadi za harusi na sendofu hapa Dar. Juzi kaja mama mmoja dukani, niliwahi kumtengenezea kadi ya sendofu ya binti yake 2023, sasa mdogo mtu naye kapata mchumba, "mwanangu weka ileile, badilisha majina tuu." Nikamwambia haina shida mama, dakika mbili. Hizo dakika mbili zikawa karibu saa nzima, yeye kwenye kiti cha plastiki ananiangalia, mi nafungua folda nafunga folda, 2023 haimo, Sendofu haimo, kumbe iko kwenye folda niliyoiita Rangi, eti kuna siku nilikaa nikapanga kadi kwa rangi!

Shida ya folda ni hiyo, inataka faili liwe na nyumba moja wakati hata mtu hana jina moja, kwake anaitwa Baba Asha, gereji ni fundi, msikitini ni ustadhi, na ni yuleyule. Kadi ile ni ya sendofu, ni ya zambarau, ni ya 2023, na haijamaliziwa hela (ziko nyingi za hivyo, tuache). Utasema si ukopi kila folda, haya, kopi zikishakuwa nne unarekebisha jina la bwana harusi kwenye moja alafu unaprinti nyingine. Nimeshafanya hiyo, kadi 200, sitaki hata kuikumbuka.

Gmail walilishtukia hili tangu wanaanza 2004, wakaweka lebo, barua pepe moja unaibandika lebo tatu na bado ni moja. Mac wakaleta tagi, yaani maneno unayolibandika faili ili ulipate baadaye, kwenye toleo la mfumo wao liitwalo Mavericks, 2013. Windows ndio iko nusunusu, picha ya JPEG au dokyumenti ya Word unaweza kuiandikia tagi kule kwenye Properties lakini PDF inakugomea, na mi kazi zangu karibu zote zinaishia PDF. Alafu tagi za Mac nazo ni za hukohuko nyumbani, tia faili kwenye flashi upeleke kwa mtu wa kuprinti mwenye Windows, haoni kitu.

Kwa hiyo mi tagi naziandika kwenye jina lenyewe la faili: 2023-08 sendofu zambarau maua deni. Basi. Folda nimebakiza za miaka tuu, nikitaka kitu naandika maneno mawili kwenye kutafuta kinakuja. Ukituma WhatsApp tuma kama dokyumenti, jina linafika hivyohivyo, ukituma kama picha linabadilishwa na kazi yote imekufa.

Inataka nidhamu lakini, mwanzoni nilikuwa leo naandika zambarau kesho papo (rangi ni ileile), nikitafuta zinakuja nusu, sasa hivi nina karatasi ukutani ina maneno kama thelathini na nje ya hayo siandiki. Papo imefutwa.

Yule mama nilimtumia kadi ya binti wa pili nikasahau kutoa neno la mwisho kwenye jina, ikamfikia na "deni" yake vilevile. Hakusema kitu. Kesho yake asubuhi hela ikaingia, ya kadi zote mbili.