Mgongo wa shujaa wa kike una mifupa?

Duka moja la Langoni, hapa Lamu, huning'iniza mabegi ya shule mlangoni kila shule zikikaribia kufunguliwa. Begi nililolishika lilikuwa na mashujaa wawili wa katuni: Superman, kifua mbele, na mwanamke aliyejipinda mpaka kifua na makalio vinaonekana kwa mpigo mmoja. Mwenye duka alikuwa amembandika karatasi ya bei kifuani. Nikamwuliza kama ile ni bei au ni ushungi.

"Bei, mwalimu. Lakini ikisitiri pia, si makosa." Kisha akamgonga Superman kwa kidole. "Na huyu je? Kavaa chupi juu ya suruali, wala hamumsemi."

Hoja yake haibezeki. Superman alipotoka mwaka 1938 alivishwa kama wale wanaume wa nguvu wa sarakasi, na chupi yake nyekundu imezua mjadala mrefu: ikaondolewa 2011, ikarudishwa 2018. Na mwili wake nao hauna mwenyewe. Wachukuzi wanaoshusha simiti gatini wana mabega ya kazi kweli, ila sijamwona hata mmoja mwenye tumbo la vigae na kiuno cha nyigu. Miaka ya 1990 wachoraji wa Marekani waliwavimbisha wanaume hadi kichwa kikawa kama ndimu juu ya gunia. Kwa hiyo wanaosema kwamba katuni hizi huwatia chumvi wote, wake kwa waume, hawasemi uongo.

Ila chumvi ya wali na chumvi ya ng'onda si kiasi kimoja, wala haikusudiwi kazi moja. Mwanamume huchorwa kwa lile analotaka kulifanya: ngumi imekazwa, mguu uko tayari kuruka. Mwanamke mara nyingi huchorwa kwa lile anayemtazama analotaka kuliona. Mwaka 2012 mashabiki mtandaoni walifanya jaribio walilolipa jina Hawkeye Initiative. Walimchukua Hawkeye, mpiga mishale wa kampuni ya katuni ya Marvel, wakamchora katika pozi zilezile za mashujaa wa kike: kiuno kimekatika, makalio juu, midomo imechongoka. Watu walicheka mbavu hawana. Kama chumvi ingekuwa sawa, kubadilishana pozi kusingemchekesha mtu.

Miaka miwili baadaye Marvel ilimpa Milo Manara, mchoraji wa Kiitaliano anayejulikana kwa katuni za mahaba, achore jalada moja la Spider-Woman. Akamchora akipanda juu ya jengo, makalio hewani, vazi limemganda kama rangi. Waliomtetea walisema Spider-Man naye hutambaa vivyo hivyo. Hutambaa, naam, lakini kama buibui anayewinda. Hata hivyo simlaumu sana Manara. Ukimwita fundi wa nakshi, usishangae mlango ukija na maua. Wa kuulizwa ni aliyempa kazi.

Sisi watu wa pwani, na mimi nimo, hukimbilia neno moja: stara. Lakini mtazame tena Spider-Woman wa jalada lile. Vazi lake limemfunika toka shingoni hadi miguuni. Nguo ipo, na bado tatizo lipo. Wonder Woman kwa upande wake, tangu alipobuniwa na William Moulton Marston mwaka 1941, mara nyingi ameacha wazi mabega na mapaja, na kuna wanawake wanaompenda hivyohivyo, kwa sababu akisimama, amesimama: miguu imetanuka, mikono kiunoni, macho mbele. Hapo nakubaliana nao, ingawa begi lake nisingempelekea dada yangu.

Wamarekani nao walishajaribu ile karatasi ya bei. Kanuni ambazo wachapishaji wa katuni walijiwekea mwaka 1954 ziliagiza wanawake wachorwe bila kutiwa chumvi maumbile yao. Wanaume hawakuwekewa sharti kama hilo. Baadaye biashara ikahamia kwenye maduka maalumu ya katuni, ambayo hayakujali muhuri wa kanuni hizo na ambayo wateja wake wengi walikuwa wanaume. Migongo ikapinda kuliko zamani.

Fumo Liyongo, shujaa wetu, tumesimuliwa urefu wake na upana wake. Mama yake tunamkumbuka kwa mkate wa wishwa uliofichwa tupa ndani, mwanawe akakata minyororo. Kiuno chake hakuna aliyekitaja. Bila shaka msimulizi ana nafuu: anaweza kuuruka mwili, mchoraji hawezi.

Anaweza lakini kuchagua. Kamala Khan, shujaa wa Marvel, msichana Mwislamu wa Jersey City, Marekani, aliyepewa kitabu chake cha katuni mwaka 2014, alipopata nguvu aligeuka kwanza kuwa shujaa wa zamani mwenye nywele za dhahabu, buti ndefu na vazi la kubana. Likamkera, likimwingia pasipostahili. Mwishowe akajitengenezea vazi lake kutokana na burkini, lile vazi la kuogelea lenye stara, na akipigana, kinachojaa ukurasa ni ngumi yake, kubwa kuliko yeye mwenyewe.

Nikamwuliza mwenye duka kama ana begi la huyo. Akasema yeye huleta kilichopo Mombasa, na Mombasa huleta kilichopo melini.